Kalamu imelia, lakini hilo jiwe ni almasi kweli? Na lulu za nyanya je?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kakamega na Desemba naenda kuposa kwa kina mchumba wangu Nakuru. Kuna mahali Nakuru nimeonyeshwa pete, jiwe nimelipima na rula nikapata kama milimita sita na nusu, muuzaji anasema ni almasi ya karati moja na bei ni elfu themanini pamoja na pete yenyewe ya dhahabu. Aliweka kalamu yake ya kupima juu ya jiwe ikalia na taa zikapanda mpaka mwisho. Nikapulizia pumzi, ukungu ukaisha mara moja. Rafiki yangu naye anasema nimeonyeshwa moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi lakini sio almasi. Nani anasema ukweli? Na mchumba ako na kidani cha lulu cha nyanya yake, huyo nyanya alipewa na mama mzungu aliyekuwa anamfanyia kazi Njoro kabla ya uhuru. Anataka kukivaa siku hiyo. Tutajuaje kama ni lulu za kweli?

JIBU: Mwalimu, salama kabisa, na hongera mapema. Nitaanza na hiyo kalamu juu ndio imekuchanganya, na sio wewe peke yako, hapa Kisumu karibu kila wiki mtu anaingia dukani ananiambia "fundi, ililia."

Hiyo kalamu inapima kitu kimoja tu, joto. Ncha yake inapashwa moto kidogo, ukigusisha kwa jiwe mashini inaangalia moto unakimbia haraka kiasi gani. Almasi inanyonya joto haraka kuliko hata shaba, kwa hivyo taa zinapanda. Glasi haifanyi hivo, zirkonia, ile almasi bandia ya bei rahisi, pia haifanyi, hizo mbili kalamu itazikataa na itakuwa imesema ukweli. Lakini moisanaiti nayo inapitisha joto vizuri sana, karibu vile almasi inafanya, na kalamu ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Kuna kalamu nyingine mpya zinapima joto na umeme pamoja, hizo zinaishika moisanaiti mara nyingi kwa sababu inapitisha umeme kidogo na almasi nyeupe ya kawaida haipitishi. Sasa muulize huyo muuzaji yake ni ya aina gani. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu nusu.

Ile ya kupulizia pumzi sahau. Ukungu unaisha haraka kwa sababu ileile ya joto, kwa hivyo moisanaiti inapita huo mtihani bila shida. Kutumbukiza kwa glasi ya maji nayo ni bure, mawe yote yanazama. Ya kuweka jiwe juu ya gazeti uone kama maandishi yanasomeka haiwezekani jiwe likiwa limeshafungwa kwa pete. Na tafadhali asikudanganye mtu ati almasi ya kweli ukiigonga nyundo haivunjiki. Ni ngumu kukwaruzwa, ndio, kwa kipimo cha Mohs iko 10 na hakuna kitu ya asili inaipita, lakini iko na njia zake za kupasuka, ikigongwa vizuri upande huo inagawanyika, na hiyo ndio njia wakataji wa zamani walitumia kugawanya mawe makubwa.

Kitu itakusaidia ni lenzi ndogo ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, bei yake sio ya kutisha, ama uombe ya muuzaji mwenyewe. Ishike karibu kabisa na jicho, alafu ulete pete mpaka ionekane wazi, sio kinyume. Sasa usiangalie jiwe kutoka juu moja kwa moja, wengi wanakosea hapo. Inamisha pete kidogo uangalie kupitia zile nyuso za kando, zile bapa ndogo zilizokatwa kwa jiwe, uone mistari ya chini pale nyuso za nyuma zinapokutana. Kwa almasi kila mstari ni mmoja, mkali, safi. Kwa moisanaiti mistari inaonekana miwili miwili, kama macho yamelewa, kwa sababu mwanga ukiingia ndani unagawanyika mara mbili. Ukiangalia kutoka juu huo mgawanyiko hauonekani, ndio maana nakwambia uinamishe. Alafu angalia rangi, moisanaiti inarusha rangi za upinde wa mvua nyingi kupita kiasi, nyekundu, buluu, kijani, ukiwa chini ya taa ya duka inavutia sana. Almasi inarusha rangi pia lakini imechanganya na mwanga mweupe mwingi.

Sasa bei. Wewe ni mwalimu wa hesabu kwa hivyo tupige hesabu. Karati moja ni gramu 0.2, na almasi ya mviringo iliyokatwa vizuri ya uzito huo inakuwa na upana wa karibu milimita 6.5, kwa hivyo rula yako haikudanganya kuhusu ukubwa. Shida ni kwamba moisanaiti ya upana huohuo nayo inauzwa kwa jina la "karati moja" juu ya kulinganishwa na almasi, ingawa kwa mizani ni nyepesi kidogo, kama 0.88. Zirkonia ya upana huo ni nzito, inakaribia karati 1.7. Lakini hizo za mizani zinawezekana jiwe likiwa huru, lako limeshafungwa. Tuseme ukweli tu, almasi ya kuchimbwa ya karati moja, safi ya kuangalika, na pete ya dhahabu juu yake, kwa elfu themanini? Hapana. Hiyo bei haiwezekani kama hakuna kitu imefichwa.

Lakini ngoja, isiwe umemwita mtu mwizi bure, kuna uwezekano wa tatu wewe na rafiki yako hamkuutaja. Inaweza kuwa almasi ya maabara. Hii sio feki, ni kaboni ileile, ugumu uleule, kalamu zote mbili zitalia kwa haki, lenzi itaonyesha mstari mmoja. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitengeneza almasi kwa shinikizo na moto mwaka wa 1954, na siku hizi kuna njia nyingine ya kuikuza kwa gesi, tabaka kwa tabaka ndani ya chumba kilichofungwa. Bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Mimi na lenzi yangu na miaka yangu yote kwa hii meza siwezi kukuapia kwa macho kwamba hii imechimbwa na hii imekuzwa, hiyo ni kazi ya maabara yenye mashini za kusoma mwanga wa jiwe. Fundi akikwambia yeye anaona kwa macho tu, muombe chai muongee mambo mengine.

Kwa hivyo cheti ndio kitaamua. GIA, taasisi ya Marekani ya kupima mawe ya thamani, ndio wanajulikana zaidi, na cheti chao kiko na namba ambayo unaweza kuiingiza kwa tovuti yao bila malipo uone kama maelezo yanafanana. Mara nyingi namba hiyohiyo imeandikwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, ule mshipi mwembamba katikati ya juu na chini, na kwa lenzi nzuri utaisoma ukivumilia. Kama ni ya maabara huwa imeandikwa hivo hapohapo. Namba ya jiwe na ya cheti zikikataana, rudisha pete kwa sanduku lake uage kwa adabu. Na cheti cha kuprintiwa na duka lenyewe sio cheti, hiyo ni barua ya mapenzi.

Mimi sina vita na moisanaiti. Ni jiwe zuri, ugumu wake ni 9.25, litadumu kuliko sisi, na liko na historia yake, mwanasayansi Mfaransa Henri Moissan aliligundua mwaka wa 1893 kwa vipande vya mawe kutoka shimo la kimondo huko Arizona, za madukani ndio zinatengenezwa viwandani. Mtu akikuuzia moisanaiti kama moisanaiti kwa bei ya moisanaiti amekuuzia kitu halali. Mwizi ni yule anayebadilisha jina. Ndio maana kitu ya kwanza kumdai huyo jamaa ni risiti yenye maneno kamili: ni jiwe gani, limechimbwa ama limekuzwa maabara, uzito wa jiwe, na dhahabu ya karati ngapi. Sio "pete moja ya wanawake, elfu themanini". Akiandika "almasi ya kuchimbwa" na ikatokea sio, uko na karatasi mkononi. Akikataa kuandika, unajua.

Na kabla ujitese na bei, ujue hii presha ya almasi imetoka wapi. Kwa karne nyingi almasi zilikuwa karibu zote za India, zinatosha wafalme, baadaye Brazil. Alafu mwaka wa 1867 ikapatikana Afrika Kusini karibu na Hopetown, Kimberley ikafuata, na ghafla mawe yakawa mengi mpaka wenye machimbo wakaona bei itaanguka, kampuni ya De Beers ikaundwa 1888 na ikashika karibu soko lote. Ile sentensi ya almasi kuwa ya milele ni tangazo la mwaka wa 1947, iliandikwa na mwanamke mmoja wa kampuni ya matangazo ya Marekani anaitwa Frances Gerety, na hata ile sheria ati pete iwe mshahara wa miezi miwili ni matangazo yao pia. Kwa hivyo mwalimu mwenye karo za watu na shamba la kulima asilale macho ati mshahara wake hautoshi kipimo cha De Beers. Wakwe wako wataangalia mambo mengine kabisa, na unayajua.

Ukitaka almasi yenye hadithi ya karibu na sisi, chimbo la Mwadui liko Shinyanga, ukivuka Mwanza kidogo tu. Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, alilipata mwaka wa 1940, na 1947 likatoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akampa Princess Elizabeth kama zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6. Fikiria hiyo, zaidi ya nusu ya jiwe imeenda kwa vumbi ili kilichobaki kiwake, na hapo ndio nataka ufike, kwa ukataji.

Watu wananunua uzito, mimi nakushauri ununue ukataji. Jiwe la mviringo huwa na nyuso 57 ama 58, na mwaka wa 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa familia ya wakataji, alipiga hesabu ya pembe zake ili mwanga ukiingia juu urudi juu kwa jicho. Jiwe likikatwa kina kirefu sana, mwanga unatorokea chini na katikati panakuwa peusi. Likikatwa bapa sana, utaona duara la kijivu ndani kama jicho la samaki. Na wakataji wengine wanaacha jiwe nene chini makusudi ili lifike karati moja kwa mizani, unalipia uzito ambao hakuna mtu ataona. Jiwe la 0.90 lililokatwa vizuri utalipata kwa bei ya chini kuliko la 1.00, na kidoleni hakuna shemeji atajua tofauti. Ulitoe nje ya duka uliangalie kivulini, sio chini ya zile taa zao, hizo taa zinaweza kufanya hata kipande cha chupa kiwake. Rangi inapimwa kwa herufi, usijisumbue kutafuta D, ile nyeupe kabisa, ukiifunga kwa dhahabu ya njano hata H ama J inaonekana nyeupe. Dosari za ndani, kama huzioni bila lenzi, ziache zikae.

Hiyo dhahabu nayo tafuta muhuri ndani ya pete. 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 916 ni karati 22 ile ya bangili za Kihindi hapa Oginga Odinga Street. Hii ni karati ya usafi wa dhahabu, usiichanganye na ile ya uzito wa jiwe. Kwa pete ya jiwe sikushauri 22, ni laini, zile kucha zinazoshika jiwe zitafunguka polepole na siku moja utatafuta almasi kwa maji ya vyombo. 18 ama 14 ni sawa, na kucha ziwe sita badala ya nne kama ni ya kuvaliwa kila siku. Najua pia Kakamega mko na dhahabu yenu tangu watu walipokimbilia dhahabu 1931 na lile chimbo la Rosterman, na hapatakosa mtu Ikolomani wa kukuletea kipande kwa karatasi akuambie umpelekee fundi akuyeyushie pete. Usinunue hivo. Biashara ya madini inataka leseni, na shaba iliyong'arishwa vizuri imewapita watu wajanja kuliko mimi na wewe.

Sasa lulu, na hapa ndio nina furaha kidogo, juu hiyo hadithi ya Njoro inaweza kuwa ya kweli.

Zamani lulu ilikuwa ghali kuliko almasi. Ilipigiwa mbizi na watu kwa pumzi zao, hasa Ghuba ya Uajemi, Bahrain na huko, unafungua chaza nyingi upate moja ya maana. Mwaka wa 1917 Cartier, wale masonara wa Paris, walipata jumba lao la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na kidani cha lulu cha nyuzi mbili kilichohesabiwa dola milioni moja, na dola mia juu yake. Jumba zima! Alafu kile kidani kikauzwa mnada 1957 na hakikufika hata dola laki mbili. Kilichotokea katikati ni Mjapani Mikimoto Kokichi. Yeye 1893 alipata nusu-lulu kwa chaza aliyemfuga, baadaye wakaweza za mviringo kabisa, na kufika miaka ya 1930 biashara ya wapiga mbizi wa Ghuba ilikuwa imeporomoka. Kufuga ni hivi, unamfungua chaza kidogo, unamwekea kiini na kipande cha nyama ya chaza mwenzake, anakifunika kwa tabaka zilezile za lulu. Lulu ya kufugwa ni lulu ya kweli. Siku hizi karibu zote madukani ni za kufugwa, na nyingi za bei nafuu ni za maji baridi kutoka China.

Kwa hivyo mama mzungu wa Njoro wa miaka ya hamsini, uwezekano mkubwa alikuwa na moja kati ya vitu viwili, lulu za Japani za kufugwa, ama shanga za glasi zilizopakwa rangi inayotolewa kwa magamba ya samaki. Zote zilivaliwa sana na zote zinaonekana sawa kwa picha. Kuzitenganisha ni rahisi. Chukua lulu moja uisugue taratibu kwa ncha ya jino la mbele. Ya kweli inakwaruza kidogo, kama kuna mchanga laini sana. Ya glasi inateleza. Ukimaliza osha, nyanya asijue. Alafu chukua lenzi uangalie kwenye tundu la uzi, hapo ndio siri iko. Kwa lulu ya kufugwa utaona ukingo mwembamba wa tabaka na mstari mahali kiini kinaanzia. Kwa ya kupakwa utaona rangi imebanduka kuzunguka tundu kama ngozi iliyoungua jua na glasi inachungulia. Angalia pia kama kuna fundo kati ya lulu na lulu, huo ni uzi wa mtu aliyejali, ingawa hata za bandia nzuri zilifungwa mafundo. Na zisifanane sana, zikiwa zote sawa kama zimetoka mashini moja, basi zimetoka mashini moja. Hio ya jino haiwezi kukwambia kama ni ya kufugwa ama ya kupigiwa mbizi, kwa hiyo lazima eksirei, na sidhani utaihitaji.

Akivaa siku hiyo, avae mwisho kabisa, baada ya mafuta, marashi na dawa ya nywele, na avue kwanza akirudi. Lulu ni laini, kwa kile kipimo cha Mohs haifiki hata 5, na imejengwa kwa chokaa ambayo asidi inaila, jasho pia inaichosha polepole. Apanguse na kitambaa laini chenye unyevu kidogo, aweke kwa mfuko wake wa kitambaa, asiichanganye kwa sanduku moja na pete ya almasi, itakwaruzwa hapohapo. Dawa ya meno, Jik, ile mashini ya kutetemesha ya kuoshea dhahabu, zote marufuku. Na kabla ya kuvaa mwangalie uzi, kama umelegea ama umekuwa mweusi karibu na mafundo ulete tufunge upya na hariri, sio siku ya kuokota lulu chini ya viti vya wazee.

Almasi yenyewe haina maringo hivo, maji ya uvuguvugu na sabuni na mswaki laini inatosha. Inapenda mafuta sana, huko machimboni walikuwa wanapitisha mchanga na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, almasi zinanasa na mawe mengine yanapita. Ndio maana pete ya mtu anayepika inafifia haraka, jiwe halijaharibika, limejipaka tu mafuta ya chapati.

Ukiona almasi imekupita bajeti, kuna yakuti nyekundu ya Taita Taveta, ugumu 9, na ile tsavorite ya kijani iliyopewa jina la Tsavo mwaka wa 1974. Tsavorite ni nzuri ajabu na kwa kawaida haipashwi moto kuboreshwa rangi, lakini ugumu wake ni 7 na nusu hivi, kwa kidole cha mtu wa kazi nyingi ningeifunga chini kwa dhahabu ya kuzunguka jiwe lote. Mimi ningekuwa wewe ningechukua hiyo bila kufikiria mara mbili, lakini kidole sio changu.

Mwisho, kipimo cha kidole. Usipime asubuhi ya baridi huko Nakuru vidole vikiwa vimesinyaa, pete itakuwa ndogo, akishuka Kisumu mchana kwa hili joto itakataa kutoka. Pima jioni, mara mbili siku tofauti, na upime kifundo cha kidole pia, juu pete lazima ipite hapo kwanza. Muulize muuzaji kama kubadilisha kipimo iko ndani ya hiyo bei, na hilo nalo aliandike kwa risiti.